Nani Mwenyeji wa Msasani?

Kata ya Msasani, katika Manispaa ya Kinondoni, mgeni asiyeelezwa angeidhani kuwa ni miji miwili. Upande mmoja ziko Masaki na Oysterbay, na balozi zake na kuta ndefu; upande wa pili liko Bonde la Mpunga na kijiji cha zamani cha wavuvi, nyumba zimebanana na ngalawa zimepandishwa mchangani. Mazoea ni kuueleza mpaka huo kwa rangi: Mzungu alikaa kule na Mwafrika huku, kwa sababu kila mmoja alijiona mtu wa aina yake na akapenda kukaa na wenziwe. Maelezo hayo yanageuza mambo kichwa chini miguu juu. Watu wa kawaida wa pwani hii walijipima kwa mambo mengine: wanaishi na nani, wanazikana na nani, wanaswali msikiti gani, nani anawadai na wao wanamdai nani. Swali la rangi waliletewa na karani, na walilijibu kwa kuangalia jibu lipi linafungua mlango upi. Rangi ilikuja kuwa jambo zito pale tu ilipofungwa kwenye kiwanja, kodi na mgao wa chakula.

Tuanze na zamani kabla ya mji. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, lakini vijiji vya ufukweni, Mzizima, Msasani, Kunduchi na vinginevyo, vilikuwapo. Huko Kunduchi bado yapo makaburi yenye nguzo, yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina, ushahidi kwamba watu wa hapo walifanya biashara na ng'ambo na walitaka hilo lijulikane hata baada ya kufa kwao. Habari za kale za eneo hili, ambazo Mjerumani Carl Velten alizikusanya kwa Kiswahili na kuzichapa mwaka 1907, zinawataja Washomvi waliosema asili yao ni Barawa, Wazaramo wa nyuma ya pwani, na vita na Wakamba ambavyo Washomvi hawakuvimudu mpaka walipoomba msaada wa Pazi Kilama. Baada ya ushindi, Mzaramo huyo na kizazi chake wakawa na haki ya kupewa ada na watu wa pwani. Tukiisoma habari hiyo kwa makini tunaona mtu aliyeweza kudai nasaba ya Barawa asubuhi na jioni akapeleka ada kwa Pazi, na hakuna aliyeona kwamba amejipinga. Nasaba ilitaja heshima yake, ada ikataja majirani zake. Hakuna moja kati ya hayo mawili iliyohitaji kumtazama mtu ngozi.

Hapa msomaji ana haki ya kupinga. Je, pwani ya waungwana na watumwa inaweza kusemwa kuwa haikuwa na ubaguzi? Haiwezi. Mtu wa bara aliyeshushwa na misafara aliitwa mshenzi, mtumwa hakuwa na ukoo, na mashamba ya minazi yaliyouzunguka mji mpya wa Majid yalilimwa na watu walionunuliwa. Anayeusifu ustaarabu wa pwani bila kutaja hilo anawadhulumu waliolima. Ila lazima tuulize ubaguzi huo ulifanya kazi vipi. Ulikuwa ngazi, na watu waliipanda, mara nyingi kwa mateso na kwa kizazi zaidi ya kimoja. Mtoto wa suria aliyemzalia bwana wake alihesabiwa wa baba. Mzalia alitofautishwa na mtumwa mgeni. Aliyesoma Kurani na kujua adabu alipata nafasi ambayo baba yake hakuipata. Utumwa ulipofutwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922, wengi waliokuwa wametoka Unyasa, Umanyema au Uyao wakabaki walipo, wakaoa, wakazikwa, na wajukuu zao wakajiita Wazaramo au Waswahili tu. Hata uhasama wa safari za misafara uligeuzwa utani: Mnyamwezi na Mzaramo hutukanana msibani hadi leo, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Jamii yenye ngazi inaweza kuwa katili kuliko jamii yenye ukuta, sikatai. Lakini ukuta haupandwi kwa adabu wala kwa ndoa, na ukuta ndio ulioletwa baadaye.

Ukuta huo haukuja kwa jina lake. Wajerumani waliofanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891 walitoa mwaka huohuo kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba: hapa nyumba za Kizungu, pale nyumba za vifaa imara, kule vibanda vya miti, udongo na makuti. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, na mtu angeweza kuapa kwamba hazimbagui yeyote. Waingereza waliichukua hesabu hiyo na kuikaza katika miaka ya 1920. Mitaa ya baharini ikawa Uzunguni, katikati ya biashara ikawa Uhindini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuwa utepe wa kutenganisha mji huo na Kariakoo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: malaria na tauni. Mji ulipotanuka, Wazungu wakapewa mwinuko wenye upepo wa bahari kusini ya ghuba ya Msasani, nao ukaitwa Oyster Bay. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilipochora mpango mkuu wa mji, lugha ilikuwa imesafishwa zaidi: maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Kila mtu mjini alijua msongamano mdogo maana yake nani. Magomeni, Temeke na Kinondoni zikapangiwa Waafrika. Kijiji cha Msasani kikajikuta ukingoni mwa viwanja vya nusu eka na zaidi, kikiwa na watu waliovua hapo kabla mpimaji yeyote hajafika. Jambo la ajabu, ukiniuliza, ni jinsi kazi kubwa hivi ilivyofanywa na maneno madogo hivi: makuti, vifaa imara, msongamano.

Sasa tazama watu walivyojibu. Chini ya Mwingereza, kuitwa mwenyeji kulikuwa na bei. Mwenyeji alilipa kodi ya kichwa; kesi yake ilipelekwa kwenye mahakama ya wenyeji; sheria ya kuzuia mikopo ilimfanya mfanyabiashara Mhindi aogope kumkopesha bidhaa, kwa sababu deni hilo lisingedaiwa mahakamani. Zanzibar, ng'ambo ya mkondo tu, inatupa kipimo cha wazi. Sensa ya 1924 iliwahesabu Waswahili zaidi ya 30,000; ile ya 1931 ikawapata kama 2,000 hivi. Hawakufa wala hawakuhama. Walikuwa wamejiandikisha kwa majina mengine, Washirazi wengi wao, kwa kuwa jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa na halikumletea mtu faida. Wangazija wa Zanzibar walipigania miaka mingi wasihesabiwe pamoja na wenyeji. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mgao, na mchele ukawa chakula cha jamii fulani huku wengine wakipewa mahindi, nasaba ikawa swali la sufuria. Wapo wanaowacheka watu hao kwamba walikana asili yao. Nami naona waliisoma serikali vizuri kuliko ilivyojisoma yenyewe: serikali iliyogawa wali kwa nasaba ilistahili kupelekewa nasaba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanahistoria wenye hoja. Wanasema rangi haikutoka kwa karani peke yake. Waafrika wa Dar es Salaam waliijenga wenyewe, kwa mdomo na kwa kalamu. Ni kweli. African Association iliundwa mwaka 1929. Erika Fiah, Mganda mwenye duka mjini, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, na kurasa zake zililalamikia biashara kuwa mikononi mwa Wahindi na kuwahimiza Waafrika wajione wamoja. Chuki ya dukani ilikuwa ya kweli. Mtu aliyepunjwa mizani hakuhitaji mkoloni amfundishe hasira. Lakini angalia kilicholalamikiwa: bei, mkopo, leseni, pango la chumba. Ni mambo yaleyale ambayo sheria ilikuwa imeyafunga kwa rangi. Mwafrika aliyetaka duka Uhindini alizuiwa kwa kuwa Mwafrika, basi akadai kwa jina hilohilo. Lugha ya rangi ilitoka chini, sawa, ila ilidai haki zilizokuwa zimefungiwa juu.

Kipimo cha hilo ni yaliyotokea mlango ulipofunguliwa. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, nusura uvunjike kwa suala hilo, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaunda African National Congress iliyodai Afrika ya Waafrika tu. Wapiga kura waliwachagua Waasia na Wazungu waliopendekezwa na TANU. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia ufungwe kwa rangi, Nyerere akatishia kujiuzulu, na sheria ikapita ikitazama mahali pa kuzaliwa mtu na mzazi wake. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Si kipimo safi, maana alishindana na Nyerere, na nani angemshinda Nyerere mwaka ule? Hata hivyo, kama rangi ingekuwa ndiyo fikra kuu ya mtu wa kawaida, hata mgombea dhaifu angepata zaidi ya hapo.

Baada ya uhuru nyumba za Oyster Bay zilipata wapangaji weusi, maofisa ambao mtaani waliitwa manaizi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijenga Msasani na kuishi huko. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majengo wengi walikuwa Waasia, na wengi wao wakahama nchi. Anayesema Tanzania iliimaliza rangi kwa hotuba aiweke sheria hiyo karibu na kanuni za 1891, kisha aamue mwenyewe. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake, na uamuzi huo ulikuwa mzuri. Kazi iliyobaki iko kwenye ofisi za ardhi: viwanja vya Dar es Salaam bado hupimwa na kutangazwa kwa msongamano mdogo, wa kati na mkubwa.