Birayi, sombe na kamusi: nani shahidi wa maneno yetu?

Wengi wetu tukitafuta neno kwenye kamusi ya telefoni na kulikosa, tunasema: "Basi si Kiswahili." Historia inatuambia vingine.

Mwaka 1857 wasomi wa London walianza mpango wa kamusi kubwa ya Kiingereza, ile inayoitwa leo Oxford. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, ya mwisho 1928. Kanuni yao: kila neno liwe na mashahidi. Watu wa kujitolea walisoma vitabu, wakaandika kwenye vikaratasi neno, sentensi yake, kitabu na mwaka. Vitabu vya kuchekesha havikudharauliwa. The Pickwick Papers, riwaya ya vichekesho ya Charles Dickens (1836–1837), imenukuliwa humo mara nyingi, na leo nukuu hizo zinasomwa kwenye intaneti. Juu ya nini vichekesho? Juu humo mtumishi na dereva wanaongea kama wako nyumbani.

Kiswahili sanifu kilipita njia nyingine. Mwaka 1928, kule Mombasa, wakubwa wa makoloni ya Waingereza walichagua Kiunguja kiwe msingi. Kamusi ya Johnson ikatoka 1939. Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji, hatukuwa kwenye meza ile. Njo maana mtoto wa Masisi anasema birayi na maharagi, wa Walikale anasema sombe, lakini kitabu kinasema viazi mviringo, maharagwe, kisamvu.

Je, Kongo haina mashahidi? Iko nao. Mwaka 1986, Lubumbashi, mtafiti Johannes Fabian alifuata kikundi cha Mufwankolo, mchekeshaji anayejulikana sana, wakitengeneza mchezo kuhusu utawala. Mwaka 1990 maneno yao yalichapwa katika kitabu, kwa Kiswahili cha Katanga, jinsi walivyoyasema. Mwenye kutengeneza kamusi anaweza kuyanukuu kama vile wale walivyomnukuu Dickens.

Vichekesho vya kwetu vingi vinaishia mdomoni tu. Na kwa sisi wa agronomi, hiyo si mambo ya kucheka. Ukimwandikia mkulima wa Masisi "viazi" tupu, anaweza kufikiri viazi vitamu. Shauri la mbegu linapotea kwa neno moja.

Ila tuwe waangalifu: mchekeshaji anatia chumvi, na pengine anabuni neno ili watu wacheke. Sentensi yake inaonyesha kwamba neno lilisemwa, haionyeshi kwamba kijiji kizima kinalisema. Kwa hiyo ukisikia neno katika mchezo wa redio ao wa shule, andika sentensi nzima, nani anasema, wapi, mwaka gani. Kisha tafuta shahidi wa pili, hata sokoni.

Oxford ilijengwa na vikaratasi vya namna hiyo. Daftari na kalamu tuko nayo.