Unataka kazi ya kukata miti Kilangala? Usimalizie mtaji kwenye chenso

Kupogoa mikorosho na kuangusha minazi mizee ni kazi ya kujiajiri pwani ya Lindi, ila chenso ikikurukia, mguu umeenda. Zingatia haya:

• Mashine: kwa miti ya nyumbani, inchi 16 inatosha. Chagua ambayo spea zake zinapatikana Lindi mjini.

• Makali: mnazi humaliza makali ya mnyororo haraka. Nunua tupa na mnyororo wa akiba.

• Kinga: tenga hela ya kofia ngumu, miwani na buti kabla hujalipia mashine.

• Usalama: usikate juu ya usawa wa bega. Tawi likigusa waya wa umeme, ita TANESCO kwanza.

• Kibali: mpingo haukatwi kiholela. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali, hivyo anzia ofisi ya kijiji au TFS.