Maji ya Mshipani

Sisi wa Mkongo, mtoto akishikwa na homa kali, hesabu ilikuwa moja: mto uvukwe, Utete ifikiwe. Akitundikiwa dripu tulishukuru. Kasi ya maji hatukuiuliza.

Vitabu vya waganga vilielekeza maji mengi, upesi. Nilizoea kuwaambia wanachuo wangu: kiulize kitabu kiliwapima watoto wa wapi. Swali hilo likaulizwa Kenya, Uganda na kwetu Muheza, kwa watoto 3,141 ambao damu yao haikuzunguka vyema. Majibu yalitoka mwaka 2011. Katika saa 48, waliopewa maji polepole walifariki 7 hivi katika kila 100. Waliomiminiwa kwa haraka, zaidi ya 10. Wengi walikuwa na malaria. Utafiti ulisitishwa kabla ya kutimia.