Patisheni imegoma kufunguka? Usibonyeze Format kwanza!

Wadau, kuna ujumbe mmoja umeshaliza wengi. Unachomeka flashi au hadi diski ya nje, Windows inakwambia lazima uifomati ndipo uitumie. Una haraka, dakika zako za kafe zinakwisha, unabonyeza. Picha za marehemu bibi, CV, ripoti ya chuo, vyote kwishnei. Tuangalie cha kufanya kabla hujafika huko.

KUPACHIKA NI NINI?
Diski hugawanywa vyumba, kila chumba ndo patisheni. Ukiichomeka, kompyuta husoma orodha ya mafaili kisha inakipachika chumba hicho mahali: Windows hukipa herufi kama E:, Linux hukipa folda. Orodha isiposomeka, patisheni inagoma. Ni kama stoo ambayo daftari lake limelowa maji: mizigo ipo, ila karani hajui kipi kiko wapi. Kwa hiyo kugoma siyo lazima iwe kupotea. Kinachopoteza mara nyingi ni kile unachoandika juu yake baadaye.

1. ANZA NA VITU RAHISI
Badili waya, badili tundu la USB, jaribu kompyuta nyingine. Hadi diski za nje hula umeme mwingi kuliko flashi, na matundu ya mbele ya kompyuta nyingine huwa dhaifu. Kama diski inagonga tik-tik-tik, chomoa hapo hapo. Hiyo ni ya fundi, programu haitasaidia.

2. KWENYE WINDOWS
Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Kwenye kafe mara nyingi utahitaji mhudumu, maana inataka ruhusa ya msimamizi. Angalia diski yako imeandikwaje:

- Healthy lakini haina herufi: bofya kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, ongeza herufi. Imekwisha hiyo. Kwenye Windows XP tatizo hili lilitokea sana pale herufi ilipokuwa imeshachukuliwa na folda ya mtandao.
- RAW: orodha haisomeki. USIFOMATI. Amri ya chkdsk nayo itakataa kufanya kazi hapa. Nenda namba 4.
- Unallocated: mipaka ya vyumba imefutika. Nenda namba 4.
- Haionekani kabisa: rudi namba 1.

3. KWENYE LINUX
Fungua terminali, andika lsblk -f. Utaona kila patisheni na aina yake. Kisha jaribu kuipachika kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

(Weka jina la patisheni yako badala ya sdb1.) Ikikubali, nakili mafaili yako kwanza, mengine baadaye. Ikikataa, andika sudo dmesg | tail usome sababu.

Kesi maarufu ni ya wenye Windows na Ubuntu kwenye mashine moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukizima, Windows haizimi kabisa, inalala nusu na kuacha patisheni ya NTFS ikiwa wazi. Linux ikiikuta hivyo inakataa kuandika. Dawa: rudi Windows, chagua Restart badala ya Shut down, halafu ingia Linux. Ikizidi, zima Fast Startup kwenye Power Options.

Kama lsblk inaandika BitLocker, patisheni imefungwa kwa funguo. Tafuta zile tarakimu 48 za kuokolea. Bila funguo, hakuna ujanja.

4. KUOKOA
TestDisk ni programu ya bure iliyotengenezwa na Christophe Grenier. Inatafuta patisheni zilizopotea, na inaweza kurudisha sekta ya mwanzo kutoka kwenye nakala yake, kwani FAT32 na NTFS zote huhifadhi nakala hiyo. Ikishindikana kuna dada yake, PhotoRec, inayochota mafaili bila kujali orodha, ila majina yake ya mwanzo hutayaona. Sheria moja: unachookoa kihifadhi kwenye diski NYINGINE.

UMESHAFOMATI?
Acha kuandika chochote humo. Fomati ya haraka hubadili orodha tu, hivyo PhotoRec bado ina nafasi. Fomati kamili, tangu Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima. Hapo kwaheri ya kuonana.

Mwisho, kitu cha maana kiwe sehemu mbili. Flashi moja siyo hifadhi, ni bahati.

Mwenye swali alitupie hapo chini, ataje aina ya diski na ujumbe anaouona neno kwa neno. Ukisema tu "imegoma" hatutajua tuanzie wapi. Poa wadau!