Inhela ya kahawia iliyosahaulika kabatini

Shangazi yangu ana pumu, na bado anapika mahamri kwa kuni. Hospitalini alipewa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu aliipenda kwa kuwa dakika chache tu pumzi hurudi. Ya kahawia aliivuta siku tatu, akaona haimfanyii lolote, akaitia kabatini. Niliikuta humo, karibu imejaa, usiku tuliomkimbiza hospitalini akiwa hawezi kumaliza sentensi.

Ya bluu ina salbutamol, inayolegeza misuli iliyobana njia za hewa. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo hauguswi, na kwenye pumu uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Unaoutuliza ni steroidi ya kuvuta: beclometasone, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, au budesonide na fluticasone zilizofuata. Hufanya kazi polepole, kwa siku na wiki, ndiyo maana huvutwa kila siku hata ukijihisi mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima kutegemea salbutamol peke yake. (Rangi hutofautiana kwa kampuni, soma jina la dawa.)

Jina steroidi huwatisha wengi. Lakini dawa ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu na huenda moja kwa moja kwenye mapafu, tofauti na vidonge. Kero zake za kawaida ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza, basi sukutua kwa maji uyateme. Wanaofunga Ramadhani humuuliza daktari kuhusu kuivuta daku na baada ya kufuturu, maana nyingi huvutwa mara mbili kwa siku. Ya bluu, pumzi ikikatika, haingoji magharibi.

Kwa ugonjwa sugu wa mapafu unaoletwa na sigara au moshi wa jikoni, yaani COPD, mambo ni tofauti. Huko dawa za kutanua njia za hewa hutangulia. Steroidi huongezwa hasa kwa anayezidiwa mara kwa mara, kwani inaweza kuongeza hatari ya nimonia. Usiazime inhela ya jirani.

Anayeshindwa kuvuta vizuri atumie spesa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie bila kuvuja, iliwasaidia watoto sawa na spesa ya dukani. Ya shangazi ni ya chupa ya maji. Huiweka kando ya mswaki, asisahau.