Kizuia Kikwapa na Kizuia Jasho

Katika maduka ya vipodozi ya Tunduma ni nadra kusikia mtu akitaja deodoranti. Utasikia roloni. "Dada, naomba roloni," anasema dereva aliyeteremka kwenye lori lililokwama foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. "Ya kike au ya kiume, kaka?" Anataja, analipa, anaondoka. Swali ambalo lingemsaidia zaidi halikuulizwa: unataka ya kuzuia harufu au ya kuzuia jasho?

Haliulizwi kwa kuwa roloni ni jina la umbo tu. Ni kichupa chenye kigololi mdomoni, kinachobingirika na kupaka majimaji kwenye ngozi. Wazo hilo lilitoka Marekani, kwa Helen Barnett Diserens, aliyeangalia kalamu ya wino yenye kigololi nchani akaona kinachopaka wino kinaweza kupaka kwapa pia. Vichupa vya namna hiyo vikaenea kuanzia miaka ya 1950. Lakini jina hilo halisemi kilichomo ndani, na kitu kilekile kikija katika kopo la sprei au kijiti cha kupaka, roloni haiwezi tena kukitaja. Linafaa dukani, kama istilahi halitoshi.

Ili kupata istilahi inayotosha inabidi tuanzie kwapani kwenyewe. Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimetapakaa karibu ngozi yote na hutoa jasho la maji na chumvi, kazi yake kuupoza mwili. Za pili zimejikusanya kwapani na kinenani, huanza kazi mtu anapobalehe, na jasho lake lina mafuta na protini. Jasho hilo likitoka halina harufu ya maana. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi hulivunjavunja, na mabaki ya kazi yao ndiyo yanayonuka. Hii ndiyo sababu mtoto mdogo anacheza mpira mchana kutwa, analowa chapachapa, wala hatoi kikwapa.

Kikwapa. Neno tunalo, na ni la thamani kubwa. Kiswahili hakikuridhika na "harufu mbaya" ya jumla: samaki wana shombo na vumba, kilichooza kina uvundo, na kwapa lina kikwapa, ambacho wengine hukiita kutuzi. Mtaalamu anayetafuta jina la bidhaa hii kwa Kiswahili ana kazi nyepesi kuliko wenzake wa lugha nyingi, mradi aanzie hapo.

Bidhaa ya kwanza ya kiwandani inayojulikana sana ni Mum, malai iliyotengenezwa Philadelphia mwaka 1888 kwa mchanganyiko wa zinki. Kazi yake ilikuwa kupambana na harufu. Jasho iliacha litoke. Mwaka 1903 ikaja Everdry, iliyotumia kloridi ya alumini, na hiyo ilikuwa kitu kingine kabisa. Chumvi za alumini zikikutana na jasho hufanya kizibo chembamba kwenye mdomo wa kitundu cha jasho, nalo hupungua kutoka. Odorono, iliyotangazwa kwa nguvu na Edna Murphey kuanzia miaka ya 1910, ilifuata njia hiyohiyo, lakini ilikuwa na tindikali kali iliyowasha ngozi na kula nguo. Mwaka 1919 tangazo lake katika jarida la Ladies' Home Journal liliwatia wanawake hofu kwamba huenda wananuka bila kujua. Wasomaji wengi walikasirika, mauzo yakapanda. Nauchukia mtindo huo wa biashara, kumwaibisha mtu kwanza ndipo umuuzie tiba, na bado unaendelea hadi leo.

Pwani yetu ilikuwa na elimu yake. Pamoja na udi, ubani, liwa na mawaridi kulikuwa na shabu, jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, ambalo watu hulitumia pia kutuliza maji ya tope. Mtu huoga, hulilowesha na kulipitisha kwapani. Shabu ni chumvi ya alumini! Inatoka katika ukoo uleule wa kemikali za Everdry, ingawa yenyewe ni pole zaidi na haizuii jasho kwa kiwango cha dawa za kiwandani.

Sasa majina. "Kiondoa harufu" silikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, jina hilo ni pana mno. Linaweza kuwa la chooni au la kwenye gari. Ya pili ni nzito zaidi: kitenzi "ondoa" kinampotosha mtumiaji. Anayeamini kwamba kitu hiki huondoa atakipaka juu ya kikwapa kilichokwisha kutoka, asubuhi kabla ya kuoga au jioni baada ya kupakua mizigo, kisha atashangaa harufu mbili zikichanganyika. Hakiondoi, bali kinazuia. Kinapakwa kwapa likiwa limeoshwa kwa sabuni na kukauka. "Dawa ya kikwapa" ni jina la watu na linaeleweka, ila linafanya kikwapa kionekane ugonjwa, nacho ni hali ya kawaida ya kila mtu mzima.

Napendekeza jozi: kizuia kikwapa kwa kile kinachopambana na bakteria na harufu, na kizuia jasho kwa kile chenye alumini kinachopunguza jasho lenyewe. Cha pili hufanya kazi vizuri zaidi kikipakwa usiku, jasho likiwa limetulia. Hofu kwamba husababisha saratani ya matiti imesambaa sana, lakini utafiti haujaithibitisha.

Tofauti hii inagusa maisha ya mkoa wa Songwe, uliko mji wa Tunduma. Anayeishi kwenye baridi ya Vwawa au Tunduma, na hatoki jasho jingi, kizuia kikwapa kinamtosha. Anayelima bonde la Kamsamba, kwenye joto la Ziwa Rukwa, huenda akatamani kizuia jasho, lakini kwa kazi ya juani jasho ndilo linalompoza, na kwapa safi lina faida kuliko kwapa lililozibwa. Kote huko maji na sabuni ndivyo vinavyotangulia, na katika mji kama Tunduma, ambako maji yamekuwa kilio cha miaka mingi, kuwacheka wanaonuka ni ukatili.

Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Naliomba shirika hilo, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), kuhakikisha bidhaa hizi zinabeba jina la Kiswahili linaloeleza kazi yake. Wakati tunasubiri, ndugu msomaji, geuza kichupa usome viambato: ukiona alumini, kwa kawaida umeshika kizuia jasho, usipoiona, hicho ni kizuia kikwapa tu. Na wewe dada wa dukani, baada ya kuuliza ya kike au ya kiume, muulize mteja anataka kuzuia nini.