Filamu Ilivyoingizwa katika Televisheni

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilipofungua matangazo yake ya televisheni katika jumba la Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, mitambo miwili iliwekwa ipokezane zamu hadi ibainike upi ni bora. Na katika ule wa Mskochi John Logie Baird mlikuwa na njia moja ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa heshima inayostahiki. Kwa kuwa ala za umeme za Baird zilikuwa dhaifu kuikamata sura ya ukumbi mzima, kamera yake iliipiga kwanza katika filamu ya upana wa milimita 17.5, nayo filamu ile ikateremka moja kwa moja katika matangi ya dawa, sianidi ikiwa miongoni mwake, ikasafishwa na kuoshwa, na kwa muda wa kama dakika moja tu ikapitishwa, ingali imelowa, mbele ya nuru iliyoichambua mstari kwa mstari na kuigeuza kuwa umeme. Kamera haikuweza kusogea, kwani ilifungamana na matangi yake, na picha ilikuwa ya mistari 240, ilhali washindani wake wa Marconi-EMI walitoa 405. Hivyo mapema mwaka 1937 mtambo wa Baird uliondolewa. Walakini fikira ya kuichambua filamu kwa nukta ya nuru ilidumu, na mashine nyingi za miaka iliyofuata zilijengwa juu yake.

Mushkili uliosalia ulikuwa wa hesabu. Filamu yenye sauti hupigwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni ya Ulaya ilikwenda picha 25. Huko iliamuliwa filamu iharakishwe, hata sinema ya saa mbili ikaisha kwa dakika 115 hivi na sauti za waimbaji zikapanda kidogo; na Afrika Mashariki, iliyokifuata kipimo hicho, ikazitazama sinema kwa mwendo huo huo. Marekani picha zilikuwa 30, na mbio za kiasi hicho zisingestahimilika. Basi, madhali kila picha ya televisheni wakati huo iliundwa kwa nusu mbili, moja ya mistari ya witiri na nyingine ya shufwa, wahandisi waliipa picha moja ya filamu nusu mbili na ifuatayo nusu tatu, hata picha 4 zikajaza nafasi ya 5. Hesabu ilitimia, ingawa mwenye jicho kali huona mtikisiko kamera inapogeuka taratibu.

Dhuluma kubwa zaidi ilikuwa ya upana. Septemba 1961 televisheni ya NBC ya Marekani ilipoanza kuonyesha sinema usiku wa Jumamosi kwa *How to Marry a Millionaire*, filamu ya CinemaScope ambayo upana wake ulizidi kimo chake maradufu, kioo cha nyumbani hakikuweza kuipokea nzima. Fundi akachagua kipande cha kuonyeshwa, na aliyesimama pembeni akatoweka.

Ndiyo maana nawasifu waliohifadhi filamu zenyewe hata baada ya kuzihamisha. Tamthilia ya televisheni *Star Trek: The Next Generation*, iliyoanza mwaka 1987, ilipigwa katika filamu ya milimita 35 lakini ikaunganishwa katika kanda ya video, na kanda ile haikuweza kutoa zaidi ya mistari iliyorekodiwa humo. Ilipotakiwa picha iliyo safi zaidi, mafundi walirudi ghalani, wakatafuta maelfu ya vipande vya negativu, wakaviunganisha upya onyesho kwa onyesho, na mwaka 2012 watazamaji wakaanza kuona nyuzi za mavazi ambazo kanda ya video haikupata kuzionyesha.